Nyumbu Aliyeishia Tumboni mwa Fisi

Mwaka huo mvua zililinyima maji bonde la Kirunda. Zilipita mbali, zikanyesha milimani kwa wasiozihitaji, na bondeni kwetu yakabaki mavumbi. Nyasi zilisalia mahali pamoja tu, kando ya chemchemi, na hata hizo zilikuwa fupi na ncha zimeungua. Kila mwenye kwato alikuwa pale akizing'ang'ania, na kila mwenye meno alikuwa nyuma ya mwenye kwato. Ndivyo dunia ilivyo, msiniulize mimi, sikuiumba.

Mfalme wa bonde alikuwa Simba. Mnamjua: kifua mbele, manyoya shingoni, sauti ya kuwaangusha ndege mtini. Alikuwa na kasoro moja ambayo hakuna aliyethubutu kumtajia. Neno "sijui" halikuweza kumtoka kinywani. Ukimuuliza jambo asilolijua, alinguruma, kisha akatoa amri. Na amri ya Kirunda ikishangurumiwa mara tatu, inampata kila mtu, mkubwa kwa mdogo.

Mshauri wake alikuwa Fisi. Nani alimpa kazi hiyo, hata leo hakuna anayekubali kuwa ni yeye. Fisi alikuwa na tumbo lisilo na sakafu, na uvivu wa kulingana na tumbo lenyewe. Kumkimbiza mnyama aliona ni kazi ya wajinga. Yeye alipenda chakula kilichokwisha kuangushwa na mwingine.

Basi siku moja Simba akamkamata swala baada ya mbio ndefu zilizomtoa ulimi nje. Akala, akamaliza, akabaki na njaa vilevile. Fisi alikuwa pembeni akisubiri mifupa, akaona hapa pana mwanya.

"Bwana Mfalme," akasema, "huyu swala amekula pale chemchemi tangu mwezi uandame. Nyasi zote alizokula, tungezirundika hapa, usingeweza kuliruka rundo lake. Sasa itazame nyama yake. Imekujaza shavu moja tu. Hizo nyasi nyingine zimekwenda wapi?"

Simba akaitazama mifupa. Akanguruma.

"Umesema kweli, Mfalme, wamezificha," Fisi akadakia, ingawa Simba hakuwa amesema kitu. "Hawa wala nyasi ni wezi. Wanakula rundo, wanakuletea kiganja. Ningekuwa wewe ningeweka sheria. Anayekula bondeni mwako aonyeshe mwilini mwake chakula chote alichokula. Akishindwa, amekuibia. Na mwizi hafukuzwi mbio, Mfalme. Mwizi anakuja mwenyewe kwa miguu yake."

Hapo pa mwisho ndipo Simba alipopapenda. Ukame ulikuwa umemmaliza miguu. Akanguruma mara tatu, na sheria ikawa sheria.

Fisi akawa mkaguzi. Alikaa juu ya kichuguu, mguu juu ya mguu, na kwa uchovu wa kukagua akajipangia mbavu zote na paja moja la kila mwizi. Wa kwanza kuitwa alikuwa Mzee Kongoni, mnyama mpole mwenye uso mrefu, aliyekuwa hajawahi kugombana na mtu.

"Umekula nini tangu mwezi uandame?" Fisi akamuuliza.

"Nyasi, mwanangu."

"Nyingi?"

"Nyingi, ila..."

"Sijakuuliza ila. Ziko wapi?"

Mzee Kongoni akazitazama mbavu zake, moja baada ya nyingine. Angeonyesha nini? Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameliwa, na alikuwa amekwenda kwa miguu yake kama sheria ilivyotaka. Sungura alikuwa jirani yake. Alilia siku hiyo, tena alilia sana, maana watu hudhani kuwa mjanja hana machozi. Alikuwa bado hajayafuta ndipo Fisi alipomletea habari kwa furaha kwamba kesho ni zamu yake.

Kesho yake bonde zima lilikusanyika. Sungura alikuja amejikunyata, masikio yamelala, akaonekana mdogo kuliko kawaida.

"Shikamoo, Mfalme."

"Marahaba. Nyasi zangu ziko wapi?"

"Mfalme, sheria yako ni nzuri sana, na mimi niko tayari kuliwa. Ila nina ushamba wangu. Sijawahi kumwona hata mmoja aliyeitimiza. Laiti tungeonyeshwa mtu mmoja tu anayekula chakula kikabaki chote mwilini, tungejifunza kwake, na wewe ungenenepa. Nami naamini yupo. Ni Bwana Fisi."

Fisi akakunja uso. Akanusa mtego, hata yeye.

"Chini ya mgunga ule wa pili," Sungura akaendelea bila kumtazama, "kuna nyumbu amekufa kwa kiu leo asubuhi. Yuko mzima, hajaguswa hata sikio. Mfalme hali kilichojifia, tunajua heshima yake. Basi apewe Bwana Fisi, ale peke yake, asigawane na mtu. Apimwe kabla hajala, na apimwe akimaliza. Ikiwa nyumbu mzima yumo mwilini mwake, mimi nitakuja mwenyewe kinywani mwako nikiwa nimejigaragaza kwenye magadi, nikolee vizuri."

"Na asipokuwemo?" Simba akauliza.

"Hapo mimi nitasema nini, Mfalme? Wewe ndiye ujuaye yote."

Fisi hakuyasikia hayo ya mwisho. Aliyosikia ni "mzima" na "peke yake." Udenda ulikuwa umeshafika kifuani. Akasema yuko tayari, na kwamba asipelekwe kesho, apelekwe sasa hivi.

Wakaleta gogo refu, wakalilaza juu ya mwamba likabembea huku na huku. Fisi akakaa ncha moja, na Nyani akapanga mawe ncha ya pili mpaka gogo likalingana. Mawe hayo yakawekwa kando, yakaitwa rundo la Fisi. Nyumbu naye akapimwa vivyo hivyo, likapatikana rundo la nyumbu, kubwa kuliko lile la kwanza mara tatu. Makubaliano yakawa rahisi, hata pundamilia waliyaelewa: siku ya saba Fisi awe na uzito wa marundo yote mawili.

Wakamfungia ndani ya boma la miiba pamoja na nyumbu wake. Mlangoni akawekwa Kobe, kwa sababu Kobe hasemi uongo. Kwamba Kobe hana haraka, hilo halikujadiliwa.

Siku ya kwanza Fisi alikula mapaja ya nyuma huku akiimba. Siku ya pili akamaliza mabega. Kila asubuhi Sungura alikuja kumjulia hali.

"Umeamkaje, Bwana Fisi?"

"Nimeamka nimeshiba. Wewe naona unakonda. Jitahidi, Mfalme hapendi mifupa."

Siku ya tatu sauti ilikuwa imebadilika. Fisi alikuwa ameanza kulitazama tumbo lake. Jioni lilikuwa linajaa, lakini asubuhi aliamka limerudi ndani, na nyumbu alikuwa ameshabaki nusu. Akamwita Sungura karibu na miiba, akanong'ona.

"Hivi, Sungura, mtu akishakula, chakula kinapotelea wapi?"

"Bwana Fisi, kwani huko kwenye kona ni nini kile cheupe?"

Mnajua kinyesi cha fisi huwa cheupe kama chokaa kwa ajili ya mifupa anayotafuna. Kwenye kona palikuwa pameshakuwa na kilima.

"Hicho nimekiona," Fisi akasema kwa hasira. "Ila hakifiki nusu ya nyumbu. Nusu yake nyingine iko wapi?"

"Weka mguu wako puani. Unasikia nini?"

"Pumzi. Ina joto."

"Na joto hilo umelitoa wapi? Alfajiri ulikuwa unatetemeka, nilikuona. Kutetemeka kunakula. Kutwa unazunguka humu ndani, na miguu nayo inakula. Jana umecheka mpaka kanga wakaruka. Kicheko kinakula, bwana." Sungura akamwambia kwa upole kabisa, kisha akaaga na kwenda zake.

Kuanzia saa hiyo Fisi aliamua kwamba hakuna kitu kitakachomtoka. Alilala chini akajinyoosha, hata mkia hakuutikisa. Akabana pumzi mpaka macho yakamtoka, halafu akahema mara tatu zaidi ya zile alizozibana. Akakataa kwenda kwenye kona kutwa nzima na usiku wake, na juu ya hilo sitasema zaidi maana kuna watu wanakula. Kigumu kuliko vyote kilikuwa kicheko. Fisi bila kucheka ni adhabu. Kila kilipompanda koo alikimeza kwa kipande cha nyama. Lakini baridi ya alfajiri ilimtetemesha apende asipende, na jua la mchana likamhemesha, na nyumbu akazidi kwenda.

Siku ya saba ilipofika alikuwa amekula nyama, ngozi, kwato na pembe. Boma lilikuwa jeupe, na yeye alikuwa Fisi yuleyule. Hofu ikamshika kwa mara ya kwanza. Alikuwa amemwona Mzee Kongoni akienda kwa miguu yake, na sasa alijua barabara hiyo ina harufu gani.

"Kobe," akasema, "nina kiu. Naomba nikanywe maji mtoni kabla ya kupimwa."

"Kunywa maji ni haki ya kila mtu," Kobe akajibu. "Twende, nitakusindikiza."

Wakaondoka pamoja, yaani waliondoka wakati mmoja. Fisi akafika mtoni, mahali palipobaki kidimbwi na mawe ya mviringo, akayameza mawe. Alimeza madogo, akameza makubwa, akasukumia kwa maji, akameza mengine tena mpaka tumbo likaburuzika mchangani. Akarudi taratibu, akamkuta Kobe njiani, bado anakwenda.

"Umeshakunywa?" Kobe akamuuliza.

"Nimeshakunywa."

"Haya, turudi," Kobe akasema, akaanza kugeuka.

Mchana wanyama wote wakakusanyika kwenye gogo. Marundo yote mawili yakapangwa ncha moja. Fisi akapanda ncha ya pili kwa kusaidiwa na Nyani, akakaa. Gogo likashuka upande wake kwa kishindo, na mawe yakapanda juu.

Wala nyasi wakaguna. Mama swala mmoja akawafunika wanawe macho. Simba akajiramba midomo, akamgeukia Sungura.

"Mmeona wenyewe," Fisi akasema, na alisema polepole kwa sababu ya uzito. "Mwaminifu akila, kinabaki. Sungura, magadi yako yako wapi?"

Hili Sungura hakulitegemea, na niwe mkweli, alifikiri amekwisha. Akamtazama Fisi usoni, akamtazama tumboni. Ndipo alipoona kuwa tumbo lile lina pembepembe, huku limetokeza, huku limebonyea. Yeye si mla nyama, lakini alijua kwamba shibe haina kona.

"Niko tayari, Mfalme," akasema. "Ila mlinzi atoe taarifa yake kwanza, isije ikasemwa kwamba ulihukumu bila taarifa. Kobe, Bwana Fisi alitoka bomani?"

"Alitoka mara moja, kwenda mtoni kunywa maji," Kobe akasema. "Nami nilimlinda vizuri sana."

"Ulikuwa naye karibu?"

"Sikumwacha hata kidogo. Alipokuwa anafika mtoni, mimi nilikuwa nimeshalipita boma. Na alipokuwa anarudi, nilikuwa nakikaribia kichuguu cha kwanza, macho yangu yote mbele. Hangeweza kunitoroka."

Kobe aliyasema haya kwa heshima kubwa, shingo imenyooka, na hapo ndipo Fisi aliposhindwa. Alikuwa amemeza kicheko siku nne. Alifunga mdomo, akauma ulimi, akatazama juu angani, lakini kilimjia tumboni, kikapanda kifuani, kikamtoka puani kwanza na mdomoni baadaye. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Na kila alipocheka, tumbo lilijibu: kwara, kwara, kwara.

Fisi akajiziba mdomo, lakini tumbo lilikuwa bado linamalizia. Kisha akakohoa, na jiwe la kwanza likadondoka miguuni pa Simba, jeupe, la mviringo, linang'aa kwa mate. Yaliyobaki yalifuata bila kuitwa.

"Haya ni ya mtoni," Nyani akasema, akiligeuza moja.

Wakampima upya. Safari hii hata rundo la nyumbu halikuhitajika. Rundo lake mwenyewe la siku ya kwanza lilimtosha, na ili gogo lilingane Nyani aliongeza jiwe moja tu, kubwa kiasi cha yai la kanga. Nyumbu mzima na pembe zake, na mwilini mwa Fisi limebaki yai la kanga.

Sungura akasogea mpaka mbele ya gogo. "Bwana Fisi," akamuuliza, "umekula nini?"

"Nyumbu," Fisi akasema kwa sauti ndogo.

"Mzima?"

"Mzima, ila..."

"Yuko wapi?"

"Sijamficha popote," Fisi akalia, na safari hii kilikuwa kilio cha kweli. "Amekwisha tu. Nimetetemeka alfajiri, nimehema mchana, nimetembea, nimecheka, na sehemu nyingine iko kule kwenye kona mnaiona wote. Mtu akiwa hai hutumia. Mlitaka nikae nimekufa ndipo nishibe?"

"Ahsante," Sungura akasema. "Hayo ndiyo Mzee Kongoni angekujibu kama ungemwacha amalize."

Hakuna aliyecheka hapo. Sungura akamgeukia Simba.

"Mfalme, hakuna aliyekuibia. Jua huzilisha nyasi, na nyasi nazo ziko hai, hutumia sehemu ya chakula hicho. Kidogo zinachobakiza ndicho ninachokula mimi. Nami nakimbia, napumua, napata joto, na kidogo ninachobakiza ndicho unachokula wewe. Kinyesi hurudi udongoni kikafaa tena, lakini joto la jana nani amewahi kulirudisha? Ndiyo maana jua lazima lichomoze kila siku. Na ndiyo maana nyasi ni nyingi, swala ni wachache, na mfalme ni mmoja."

Hilo la "mmoja" lilimpendeza Simba, akatikisa manyoya. "Na sheria yangu?" akauliza.

"Sheria ipo, Mfalme. Imengurumiwa mara tatu, inampata kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Umekula wanyama wangapi tangu uzaliwe? Usihesabu, gogo lipo hapa. Panda tu."

Nyani, ambaye huwa hajui wakati wa kutulia, alikuwa ameshaanza kukusanya mawe. Alipanga rundo, akapanga jingine, akaenda kutafuta mengine zaidi. Simba akayatazama mawe yale yanavyoongezeka, akajitazama na yeye, simba mmoja mwenye tumbo moja. Akafungua kinywa angurume, ngurumo ikakataa kutoka.

"Sheria hii," akasema mwishowe, "hata sijui ilikujaje."

Masikio yote yakainuka. Hakuna aliyewahi kumsikia akilitamka neno hilo, na yeye mwenyewe alionekana kushangaa kwamba halikumuua.

"Kuanzia leo imefutwa," akaongeza haraka. "Atakayetaka kula atakimbia, na atakayetaka kuishi atakimbia vilevile, mimi pia. Imefutwa kwa wote isipokuwa yule aliyeileta." Akamgeukia Fisi. "Njoo. Njoo mwenyewe, kwa miguu yako."

Fisi hakuja. Aliruka kutoka kwenye gogo akatimua mbio, Simba nyuma yake, na nyuma ya Simba nyati wote waliokuwa wakisubiri zamu yao ya kukaguliwa. Wakamfukuza mpaka nje ya bonde, wakamvusha mto, wakampandisha kilima na kumteremsha upande wa pili. Lile yai la kanga lililobaki mwilini liliisha kabla ya mto. Kilimani alikimbia kwa nyama yake mwenyewe.

Aliposimama alikuwa katika nchi ngeni, mbavu zote nje, mwembamba kuliko alivyokuwa kabla hajamwona nyumbu. Swala wa huko walimtazama kidogo, wakaondoka bila hata kuharakisha, naye hakuwa na miguu ya kuwafuata. Akakaa chini kwenye mavumbi, akawa anawaeleza wapita njia, mmoja baada ya mwingine, kwamba kule Kirunda alikotoka kuna sheria mbaya sana, sheria isiyo na huruma, haimfai kiumbe yeyote aliye hai. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.